Mwanamke wa Ndani ya Spika

Kauthar aliongeza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, kisha akamtazama mteja wake kwa macho ya mtu aliyekwisha kuuza. Spika ilikuwa na kimo cha ndoo, ina taa za kijani na nyekundu zinazokimbizana, na ngoma zilizotoka ndani yake zilimgonga Avelina kifuani hadi akashika meza.

"Umeisikia besi hiyo, mama? Ukiiwasha hapa Kayanga, Kihanga wanacheza."

"Izime, mwanangu."

"Hujaipenda?"

"Sitafuti ya kuchezea. Natafuta ya kusemea."

Kauthar aliizima. Alikuwa binti wa watu wa biashara. Babu yake alitoka Tanga na mzigo wa vitenge, akafika Karagwe, akasahau kurudi. Alijua kwamba mteja anayesema maneno kama hayo ama hana hela ama ana shida. Avelina alikuwa na vyote viwili, ila shida ndiyo iliyompandisha bodaboda asubuhi ile.

Shida yenyewe ilikuwa koo la mumewe. Projest alijulikana Kihanga nzima kwa mdomo wake. Harusi isiyo na Projest ilikuwa kama mboga isiyo na chumvi, na hata waliomchukia walikuja kumsikiliza kwanza, wakamchukia baadaye. Kisha tezi ikamvimba shingoni. Kabla ya kumpasua, madaktari walisema kwamba uvimbe utaondoka ila sauti huenda ikaondoka nao, na ikawa hivyo hivyo. Kilichobaki ni mnong'ono. Ukikaa naye jikoni unamsikia vizuri tu. Ukisogea hadi kwenye migomba ya kwanza unaona midomo inacheza.

Tangu hapo msemaji wa familia akawa mdogo wake, Adelard. Adelard hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, ila alikuwa na ugonjwa wa kumalizia sentensi za wenzake. Projest akifungua kinywa tu, Adelard alishadakia: "Kaka anataka kusema kwamba..." Na mara nyingi kaka hakutaka kusema hivyo.

Sasa Jumamosi iliyokuwa inakuja, binti yao wa pekee, Ainebyona, alikuwa anaagwa, na watu wa bwana harusi walikuwa wanakuja kumchukua kutoka Isingiro, kule Kyerwa. Katika ukoo wa Projest binti hakabidhiwi kwa hotuba. Baba hutoka mlangoni na mkuki, akaenda mbele kwa wageni na kurudi nyuma huku akiebuga, yaani akijisifu na kuusifu ukoo kwa maneno ya jadi ya Kinyambo, mbio mbio, mstari juu ya mstari, bila kukatika, hadi afike kwenye maneno ya kumtoa mtoto. Akikwama, anarudi mlangoni na kuanza upya mara moja tu. Akikwama tena, mkuki unachukuliwa na mwanamume mwingine wa ukoo, naye akishamaliza, ndiye atakayeitwa baba huko anakokwenda binti. Salamu za Isingiro zitakwenda kwake. Ugomvi ukitokea, ataitwa yeye. Mjukuu akizaliwa, atapelekewa yeye habari kwanza.

Adelard alikuwa ameshapiga kanzu yake pasi. Alisema ni kwa tahadhari tu, na Avelina alitamani kuimwagia chai.

"Mume wangu lazima asikike uani kote," alimwambia Kauthar, "na hawezi kushika kipaza sauti. Mkono mmoja una mkuki, wa pili unanyooshwa kwa wageni. Na waya hautakiwi, maana anatembea kwenda na kurudi."

Kauthar akaelewa. Akatoa kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, kidogo kama punje ya maharage. Kipokezi chake unakichomeka kwenye simu, simu inatumbukia mfukoni, na simu ndiyo inayotuma sauti kwenye spika bila waya wowote. Ilibaki kuchagua spika.

Hapo Avelina alimshangaza. Alitoa simu yake na kucheza ujumbe aliotumiwa na Projest siku moja akiwa sokoni: "Mama Aine, usisahau chumvi. Urudi mapema, mvua inakuja." Alitaka kuisikia sentensi hiyo moja katika kila spika ya dukani, na hakutaka kusikia kitu kingine.

Ile kubwa yenye taa ilimgeuza Projest kuwa jitu linaloongelea ndani ya pipa. Chumvi ilisikika, mvua haikusikika. Nyekundu ya pembeni ilimpa sauti ya puani, na chini yake kulikuwa na mchakacho wa karanga zinazokaangwa. Moja ndefu ilimtoa vizuri, lakini Avelina alipoiongeza sauti hadi mwisho, ikaanza kupasuka kwenye kila "s". Akazisogeza zote pembeni. Juu kabisa ya kabati kulikuwa na kispika cha kijivu, hakina taa, hakina urembo, kinatosha kwenye kikapu cha mayai. Kauthar alikiteremsha bila hamu. Kilipowashwa, mwanamke fulani akasema kitu cha Kiingereza humo ndani, kisha Projest akaongea.

Alikuwa Projest. Mnong'ono wake ulikuwa uleule, na ule mkwaruzo wa mwisho wa neno, ila sasa ulijaza duka zima. Avelina aligeuza uso upande wa barabara ili binti wa watu asimwone machozi.

"Hiki ni cha bei rahisi, mama, sikufichi," Kauthar alisema. "Hata jina lake silijui. Wanasema betri inakaa siku nzima, ila wanaosema ndio hao hao walioandika boksi."

"Na huyu mwanamke wa ndani anasema nini?"

"Anasema imeshaungana na simu. Chaji ikikaribia kwisha atasema pia. Kazi yake ni hiyo. Ila anajua Kiingereza tu, lugha nyingine usimtegemee."

Avelina alimtuma Kauthar avuke barabara na simu, aone kama sauti itakatika. Haikukatika, mpaka lori la ndizi lilipopita katikati, ikakohoa kidogo na kurudi. Akakitikisa kispika sikioni asikie kama kuna kitu kimelegea. Akabonyeza kila kitufe kwa kidole gumba, akachungulia tundu la chaji. Ndipo akalipa.

Nyumbani Projest alikitazama kifaa kile kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka.

"Niongee kwenye kopo?" alinong'ona.

"Ongea kwanza, utukane baadaye."

Alimbania kipaza sauti kwenye kola, akaweka spika juu ya kigoda chini ya upenu, naye mwenyewe akaenda hadi mwisho wa ua, kwenye migomba. Projest alikohoa, na kikohozi kikatoka uani kama cha mtu mwenye afya. Akashtuka. Akasema polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache kama koo lilivyomfundisha, "Shikamooni... wazee wangu. Karibuni... Kihanga." Ua wote ukamsikia. Mbwa akainuka. Jirani upande wa pili wa kahawa akaitikia "Marahaba!" kwa kudhani anasalimiwa, na Projest akakaa chini kwenye kizingiti, akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Avelina alimwacha alie. Na yeye alikuwa analia huko huko migombani.

Siku zilizofuata alikijaribu kispika kama mtu anayenunua ng'ombe. Alikiwashia redio akiwa anageuza kahawa kwenye jamvi, sauti ya kadiri, na kutwa nzima hakikuzima. Alikiangusha makusudi kutoka kwenye kigoda. Alikinyunyizia maji kwa vidole, maana mvua za msimu ule hazikuwa na adabu. Mwenyewe alibana kipaza sauti kwenye kola yake, akasema "Karibuni, karibuni," akaona neno linamrudia kutoka upenuni limechelewa kidogo, kama mwangwi. Akadhani ndio mwangwi wa kilima, akaendelea na kahawa yake.

Kilibaki kitu kimoja tu cha kujaribu, na hicho hakikujaribika.

"Jaribu kwebuga kidogo, Baba Aine. Mistari miwili mitatu."

Projest alimwangalia kana kwamba amemwambia avue nguo barabarani. "Kwebuga mbele ya kuku? Ukiebuga bure unaita ugomvi nyumbani, watu hawapo, utapigana na nani? Umwebugie mke wako?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Mistari naipitia moyoni. Kinywa kitafunguka siku yake."

Na Avelina, aliyetikisa spika, akaiangusha, akainyeshea, hakubisha. Alilelewa hivyo na yeye. Mtu hawezi kuinua mkuki uani peke yake kama mwendawazimu.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Hilo halikumtisha, maana spika alikwisha kuichaji hadi ikajaa. Kilichomtisha ni wageni kuchelewa. Barabara ya Isingiro ilikuwa tope, magari yalikwama, na watu chini ya maturubai walianza kusinzia na kuulizana chakula kitaiva saa ngapi. Avelina alikuwa jikoni akionja ndizi aliposikia nyimbo za kwaya zinavuma uani kwa sauti ya juu kabisa. Aliendelea kukoroga, akidhani kuna mtu amekuja na redio ya gari. Nyimbo zikafuatana. Kisha akatambua ule mlio usio na besi, mwiko ukamtoka mkononi.

Adelard alikuwa amekaa kando ya kigoda, ameunganisha simu yake, anapiga makofi kwa mapigo.

"Adelard! Hiyo si ya nyimbo!"

"Shemeji, watu wamechoka kusubiri. Nimewachangamsha tu."

"Tangu saa ngapi?"

"Aa, si muda." Lakini alivyotazama pembeni, Avelina alijua ni muda. Akaizima, akaikumbatia kifuani na aproni yake yenye masizi, akatafuta mtu mwenye sola. Jua halikuwapo siku mbili. Betri ya jirani ilikuwa imekufa. Gari la kuchajia lingekuja na wageni, na walipokuja wageni walikuja mbio, wamechafuka tope na wana haraka, na shughuli ikaanza pale pale.

Mshenga wa Isingiro aliitwa mzee Polikarpi, mtu mwembamba mwenye koti kubwa, aliyesifika kwa kusikiliza amefumba macho. Walikaribishwa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kila mmoja akachukua punje zake. Rubisi, pombe ya ndizi, ikapita. Kisha Polikarpi akasema kwamba wamekuja kutafuta mtu, na anayeweza kuwapa mtu huyo ni baba yake peke yake, basi na atoke. Akafumba macho.

Projest akatoka mlangoni.

Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, mkuki mkononi, punje ya kipaza sauti kolani. Avelina aliketi kwenye mkeka wa wanawake, karibu na njia atakayopita, mikono ameibana mapajani. Alimwona mumewe akivuta pumzi. Mstari wa kwanza ukatoka kwa kasi, ua mzima ukausikia, na watu wa Kihanga wakaguna kwa furaha, maana wengi wao hawakuisikia sauti hiyo tangu ilipoondoka.

Mstari wa pili ndipo mambo yalipoharibika.

Maneno ya Projest yalitoka kinywani, yakaingia mfukoni, yakaruka hadi kigodani, na ndipo yakasikika. Yalichelewa kidogo tu, kiasi cha kupepesa jicho. Kwa mtu anayesalimia polepole si kitu. Lakini huyu ulimi wake ulikuwa unakimbia, na neno lililopita lilimfuata nyuma likamkanyaga kisigino. Avelina aliona macho ya mumewe yanageuka kuitafuta spika. Akasema neno moja mara mbili. Akaharakisha kulikimbia, likazidi kumchanganya. Akapunguza mwendo, nalo likapunguza. Katikati ya jina la babu yake, ulimi ukafungana, akanyamaza. Spika ikamalizia nusu ya jina lile peke yake.

Amekwama.

Upande wa Isingiro mtu alikohoa. Projest akageuka, akarudi mlangoni, mgongo umeinama kama wa mtu aliyebeba gunia. Alibakiwa na mara moja. Adelard alikuwa ameshasimama, anajinyoosha kanzu, na mkono wake wa kulia ulikuwa wazi, tayari kupokea mkuki. Pengine kwa huruma. Avelina hakuwa na nafasi ya huruma za Adelard.

Ndipo likamjia: ule mwangwi. "Karibuni, karibuni." Haikuwa kilima. Ilikuwa ni mashine, na yeye aliisikia kwa masikio yake, akaendelea kugeuza kahawa! Alijiona mjinga wa mwisho. Alijaribu kila kitu isipokuwa kile kitu ambacho spika ilinunuliwa kwa ajili yake.

Akili ilimwenda mbio. Spika ikizimwa, hakuna atakayemsikia. Ikiachwa, Projest atajisikia, na akijisikia atakwama. Basi ilitakiwa watu wote wasikie, asiyesikia awe yeye tu.

Na wakati huo huo yule mwanamke wa ndani ya spika akaamka, akasema maneno yake ya Kiingereza mbele ya wageni wote. Vijana wakacheka. Avelina hakujua Kiingereza, lakini alijua spika ilikwisha kuungana na simu zamani, na mwanamke huyo alikuwa na kazi mbili tu.

Akainuka kwenye mkeka.

"Shemeji, unakwenda wapi?" Adelard alipaza sauti. "Mwanamke hapiti njia ya mkuki!"

Alikuwa anaipita. Wanawake wenzake wakashika midomo. Bibi mmoja wa ukoo akaita jina lake kwa ukali, jina la usichana, na Avelina akatembea na aibu yake yote hadi mlangoni, akasimama nyuma ya mumewe, akamfunika masikio kwa viganja vyake viwili. Kabla hajabana, akamwambia, "Sema. Usijisikilize."

"Watatucheka."

"Wacheke. Sema, chaji inakwisha."

Akabana. Alibana kwa nguvu zote, viganja vilivyonuka moshi na ndizi, hadi akahisi taya la mumewe likicheza chini ya vidole. Projest akavuta pumzi. Akaanza upya.

Sasa alikimbia. Hakukuwa na kitu cha kumkanyaga. Alikwenda mbele na mkuki, Avelina nyuma yake kwa vidole vya miguu, maana mumewe alikuwa mrefu, na alipogeuka aligeuka naye, kama watu wawili waliobeba meza moja. Mtu angeweza kucheka, na mwanzoni walicheka. Kisha mistari ikawazidi. Ikapita ya babu aliyevuka Kagera na ndama shingoni, ikapita ya baba aliyefyeka pori la Kihanga likawa kibanja cha migomba, na kila mwisho wa mstari wazee waliitikia kwa kishindo, na Polikarpi alikuwa amefumba macho na kuinua kidevu. Avelina aliisikiliza spika kuliko alivyoyasikiliza maneno. Usizime, aliiomba. Bado kidogo, usizime.

Ikazima.

Haikuaga. Ilikatika tu, na badala ya sauti iliyojaza ua ukabaki mnong'ono ambao haukufika hata kwenye mkeka wa kwanza. Wageni waliona midomo inacheza. Wakatazamana. Polikarpi akafumbua macho.

Projest hakujua. Masikio yake yalikuwa mikononi mwa mkewe, naye aliendelea mbele na mkuki wake akiamini anasikika hadi barabarani. Avelina alielewa papo hapo kwamba akiondoa viganja, mumewe atausikia ukimya, na akiusikia atasimama, na akisimama mkono wa Adelard uko pale pale unasubiri. Na mistari iliyobaki ilikuwa ile mipya, ya kumtoa mtoto, aliyoitunga Projest mwenyewe moyoni. Hakuna mwingine aliyeijua. Hata Adelard asingeweza kuimalizia.

Alisogeza shavu lake karibu na shavu la mumewe, akausikia mnong'ono ukitoka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kulifanya. Akafungua kinywa, akayapokea maneno yale moto moto kama yalivyotoka, kwa Kinyambo kile kile, na kuyarusha uani kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya kuitia watu shambani.

Kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

"Mimi niliyeingia kwenye kisu na sauti, nikatoka na uhai!"

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wameduwaa.

"Sauti imeondoka, masikio yamebaki!"

Mtu mmoja upande wa Isingiro aliguna, maana masikio yenyewe yalikuwa yamefunikwa mbele ya macho yake, lakini hakucheka.

"Enyi wa Isingiro, huyu ni Ainebyona, tunda langu la pekee. Ninamtoa mimi, hajatolewa na mwingine!"

Hapo sauti ya Avelina ilitaka kukatika. Aliisukuma.

"Atakayemkaripia huko, nitamsikia nikiwa huku!"

Projest alichoma mkuki ardhini. Ulisimama kwenye tope, ukitikisika. Avelina aliondoa mikono yake polepole, na mumewe akasikia kile alichokuwa amekingwa nacho: kimya cha watu wote. Akamgeukia mkewe kwa uso wa hofu, kama mtoto anayeuliza kama amekosea.

"Hii si kawaida," Adelard alianza. "Mwanamke kuingia... na mwisho yale maneno yalisemwa na..."

Polikarpi aliinua mkono. Akainuka taratibu, akajifunga koti lake kubwa.

"Nina swali moja tu, na ninakuuliza wewe, maana ulikuwa umesimama karibu kuliko sisi. Mara hii ya pili, kaka yako alikwama?"

Adelard alimtazama kaka yake. Alitazama mkuki uliosimama ardhini, na mkono wake mwenyewe ambao bado ulikuwa umenyooshwa. Akaurudisha mfukoni. Mtu aliyezoea kumalizia sentensi za wengine alikosa ya kwake.

"Hakukwama," alisema hatimaye.

"Basi baba tumemsikia, mtoto tumempokea," alisema Polikarpi. "Na hilo la kukaripia tumelichukua, tutalifikisha nyumbani."

Vigelegele vilipasuka. Ainebyona alitolewa ndani amefunikwa kitenge, wakamwongoza hadi miguuni pa baba yake, akapiga magoti kwenye tope na nguo zake zote mpya. Projest alimwekea mkono kichwani. Alisema jambo, na safari hii hakuna aliyelisikia isipokuwa aliyeambiwa.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na binti na ua umebaki na majani ya migomba yaliyokanyagwa, Avelina alikaa kwenye kizingiti na miguu iliyovimba. Alijua bibi wa ukoo bado hajamaliza naye. Sauti yake ilikuwa imeondoka. Alipomwita mtu aokote masufuria, ulitoka mkwaruzo tu. Projest, aliyekwisha kusimuliwa yote na wazee, alikuja, akakaa kando yake. Alikuwa amekishika kile kispika cha kijivu. Alibonyeza kitufe, hakikuwaka. Akakigeuza huku na huku, akakipangusa tope kwa mkono wa kanzu, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Mama Aine," alinong'ona.

"Mm."

"Si uliniambia huyu mwanamke wa ndani anajua Kiingereza tu?"

"Ndivyo alivyosema Kauthar," Avelina alijibu, kwa mnong'ono uleule.

"Mbona mwishoni aliongea Kinyambo?"